Masultana na Picha ya Siku ya Kuhesabiwa

Mwaka ule nilikuwa nafunga wake za masultani kwenye maboksi. Si mzaha, ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nimechoshwa na bohari kubwa la Louisville, huku Marekani, ambako mkanda wa mizigo haukungoji ukune hata kichwa, nikapata kibarua kwa bibi mmoja Mmarekani mwenye duka la picha za kale. Picha zenyewe ni karatasi zilizochapwa Ulaya karne nyingi zilizopita. Yeye anazinunua, anazisafisha, anawauzia watu wa mbali. Mimi nazifunga: karatasi laini juu na chini, kadibodi mbili, selotepu, boksi, anwani. Alinichukua kwa sababu ya mikono yangu. Siku ya kwanza alinishika viganja, akavigeuza kama mtu anayechagua parachichi, akasema mikono yenye jasho inaharibu karatasi na yangu ni mikavu, inafaa.

Mikono inafaa, miguu ndiyo tatizo. Mimi siwezi kukaa. Nikikaa kitini dakika kumi nahisi kuna mtu ananiita nje. Nimelelewa kambini, huko Kigoma, mtoto wa Warundi, na kambini aliyekaa sana alipitwa na kitu: maji, posho, jina lake kwenye orodha. Bosi alikuwa akiniona nazunguka meza ananiambia nitulie, karatasi hizi zimengoja miaka mia kadhaa, hazitakimbia. Nilimjibu kwamba karatasi zinaweza kungoja, mimi sina miaka hiyo.

Siku moja aliniletea fungu la karatasi saba, zote za wanawake wa jumba la masultani wa Kituruki, masultana kama bosi alivyowaita. Wake, mama, mabinti. Kila mmoja alikuwa na kofia ndefu iliyochongoka, shela limening'inia nyuma, kito kwenye paji la uso, lulu shingoni. Wengi walitazama upande, pua mbele, kama watu walionuniana na jirani. Chini kulikuwa na maandishi ya Kilatini, na bosi alinisomea huku akifuata kwa kidole bila kugusa: huyu mke mpendwa wa sultani, huyu binti yake, huyu mama wa sultani aliyefuata.

Nikawapenda papo hapo. Nikasema, "Bahati yao. Wamekufa zamani zote hizo, na mpaka leo watu wanawajua sura."

Bosi alicheka mpaka akashika goti lake bovu. "Hakuna anayewajua sura," akasema.

Akanieleza. Mwanamume mgeni hakuruhusiwa kutia mguu katika makazi ya wanawake wa sultani, sembuse kumkalisha mmoja wao kitini amchore. Balozi alisikia habari kwa mtumishi, mfanyabiashara akasikia kwa balozi, mchoraji wa Venisi akasikia kwa mfanyabiashara. Nguo walizijua, maana nguo zinauzwa sokoni. Uso hawakuujua. Lakini Ulaya ilikuwa na hamu ya kumwona mwanamke aliyemweka sultani kiganjani, na mteja akitaka kitu, fundi hasemi hakuna. Anachukua bamba la shaba, anachonga uso wa mwanamke yeyote, anauvika kofia ndefu, anaandika jina chini, anapaka wino, anachapa. Fundi wa mji wa pili anaiga karatasi ya wa kwanza, wa tatu anamwiga wa pili, na baada ya muda kila mtu anaapa kwamba ndiye huyu, kwa sababu kila anapomwona ni yuleyule.

Nikaendelea kufunga, lakini sasa nilikuwa nawatazama kwa jicho la polisi. Nilipofika kwenye karatasi ya sita nikasimama, nikarudi kwenye ya tatu. Uso ulikuwa mmoja. Pua ile, kidevu kile, hata mkunjo mdogo kando ya mdomo. Kilichobadilika ni kito cha kwenye kofia na jina. Wa tatu aliandikwa mke, wa sita aliandikwa binti wa huyohuyo.

"Bosi," nikasema, "huyu amejizaa mwenyewe."

Akainama, akatazama, akatikisa kichwa bila kushangaa. Bamba ni lilelile, akasema. Shaba ilikuwa ghali, kwa hiyo walikwangua jina la kwanza wakachonga la pili.

Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Mtu kamili, aliyezaa, aliyeumwa meno, aliyekuwa na namna yake ya kucheka, anafunikwa uso wa mke wa mwoka mikate fulani, na dunia inasema asante. Nilimwambia bosi wangeandika jina tu, na pale pa uso waache wazi. Alinitazama kwa huruma kidogo, akasema karatasi iliyoachwa wazi hainunuliwi na mtu.

Niseme kilichokuwa kinanichoma. Mama yangu alikufa kambini nikiwa sijafika miaka mitatu. Simkumbuki. Si sauti, si harufu, si mkono. Nilichokuwa nacho ni picha moja, ndogo kama kadi, iliyopigwa siku ya kuhesabiwa, yaani siku ambayo familia zilipangwa mstari zikapigwa picha ili zipewe kadi ya posho. Baba amesimama nyuma. Kaka yangu, wa miaka kumi na mmoja, ameshika kibao chenye namba. Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, amenipakata. Uso wa duara, nyusi zilizokaribiana, midomo imebanwa kama ya mshonaji mwenye pini kinywani. Uso huo nimekua nao. Nimeusimulia mambo nisiyomwambia mume wangu. Nimeuapia, na kuna siku niliutukana kwa kuniacha. Baba alipohamia Buffalo niliikuza kidogo picha hiyo, nikaitia fremu, nikaipigilia mwenyewe ukutani mbele ya kitanda chake.

Na sasa baba alikuwa ametuita. Hatukuwahi kuondoa matanga ya mama. Sisi Warundi tuna siku ya kumaliza kilio, tunaiita kuganduka: watu wanakusanyika, wanakula na kunywa, wanasema marehemu alikuwa nani, kisha familia inaruhusiwa kurudi kwenye furaha. Kambini hapakuwa na chakula cha kuwapa hata waliochimba kaburi. Halafu tukahamishwa, halafu tukaja huku, na kila mwaka ulikuwa na sababu yake. Baba amezeeka, moyo wake unasukumwa na mashine waliyompandikiza kifuani, akasema hataki kufa akiwa bado yumo matangani. Tukapanga Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Buffalo. Na huku siku hizi shughuli kama hiyo bila fulana zenye picha ya marehemu watu wanaiona kama haijaiva. Nikajitwika kazi ya fulana. Nilitaka mara moja tu, kabla baba hajaondoka, watu arobaini wamtazame mama yangu usoni.

Bosi akajitolea kuikuza picha kwa mashine yake kubwa. Ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, ukubwa wa dirisha, nikasogea karibu. Alikuwa mzuri. Bosi hakumtazama yeye, alinitazama mimi, yule mtoto.

"Huyu hataki kupakatwa," akasema.

Kwenye picha ndogo nilidhani mtoto amepiga mwayo. Hapa ilionekana wazi analia. Mgongo ameupinda, mikono yote miwili ameinyoosha kuelekea nje ya picha, na mkono wa mama umembana tumboni kama anavyoshikwa kuku wa kuazima. Kaka naye hakuwa akitazama kamera, alikuwa akimtazama mama kwa pembeni. Nikasema watoto wote wanalia mbele ya kamera, na kaka yangu tangu zamani ni mtundu. Nikamwomba bosi amkate mama peke yake, kuanzia kifuani kwenda juu. Ijumaa asubuhi nikawa njiani kwenda Columbus.

Kaka anaishi Gahanna, pembeni mwa Columbus, anafanya kazi kwenye ghala la viatu. Fundi wa fulana yuko upande wa pili wa mji, Hilliard, Mkongomani wa Uvira mwenye mashine tatu kwenye gereji. Nilikuwa nimemtumia picha tangu Jumatatu. Nilipofika nikakuta mashine zimelala na fulana ni nyeupe.

"Dada, karibu," akasema. "Donc, kaka yako alinipigiaka jana. Anasema nisiprinte ile sura. Anasema niweke maua na musalaba tu. Mimi minasema, bon, iyi ni mambo ya famille, mutaelewana benyewe."

"Aliyeleta kazi ni nani?"

"Ni weye."

"Basi nichapie mimi."

"Dada, asikuje kunigombeza, eh? Mimi niko mutu wa kazi tu." Lakini akawasha mashine, na nilisimama mlangoni nikazihesabu zikitoka. Fundi akaisifu. "Mama alikuwaka muzuri. Sura iko propre kabisa." Nilijivuna kama mimi ndiye niliyemzaa.

Kwa kaka nilifika nikiwa nimeshachemka. Nilimkuta nje ya nyumba yake amevaa koti, begi mkononi, maana tulikuwa tumekubaliana twende kwa gari moja. Sikumsalimu. Nilimuuliza ana nini na mama. Ana haya naye? Anaogopa wakwe watasema alikuwa maskini, kwa sababu amekaa kwenye kiti cha plastiki?

"Mdogo wangu," akasema, "weka maua."

"Sababu?"

"Muulize baba."

"Nakuuliza wewe."

Akafungua mlango wa nyuma, akaona lile boksi la fulana, akaufunga taratibu. Akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda. Kutoka Gahanna mpaka Buffalo ni mwendo wa saa tano, na katika saa hizo tano kaka alisema maneno ambayo naweza kuyahesabu: punguza mwendo, kuna polisi, nataka kukojoa. Nilimsema kuanzia Mansfield mpaka mpakani mwa Pennsylvania. Nilimkumbusha kila kitu tangu utoto, hata mambo ambayo nilikuwa nimemsamehe. Alitazama mashamba tu. Kama angegeuka anitukane ningefurahi, kwa sababu ningejua ninapigana na nini.

Baba anakaa Lower West Side, chumba cha chini kwenye nyumba ya mbao yenye familia tatu. Tulimkuta ameshanyolewa kwa ajili ya kesho, amevaa sweta, amekaa ukingoni mwa kitanda. Sikungoja hata chai. Nililiweka boksi miguuni pake, nikatoa fulana ya kwanza, nikaitandaza mapajani mwake, uso juu.

Aliitazama muda mrefu. Akapitisha kidole gumba kwenye lile paji la uso. Kisha akamtazama kaka, si mimi.

"Hukumwambia?"

Kaka akaweka begi lake chini.

"Mnataka kumwondolea matanga huyu mama wa watu?" baba akasema. "Huyu tulipomwacha alikuwa mzima."

Nilidhani akili yake imeanza kuteleza. Nilicheka, nikasema, baba, huyo ni mama. Akaniambia nikae. Nikasema siwezi kukaa. Akasema, "Basi simama, lakini sikiliza."

Siku ya kuhesabiwa ilipofika, mama alikuwa amelazwa zahanati kwa homa, hajitambui. Kambini kulikuwa na maneno kwamba asiyeonekana siku hiyo anafutwa, na familia isiyo na mama inapunguziwa posho au watoto wanachukuliwa. Yalikuwa kweli? Baba hajui mpaka leo. Alikwenda kwa jirani, mwanamke ambaye familia yake ilipangiwa kuhesabiwa kesho yake, akamwomba akae kwenye kiti. Yule mama alikubali. Akavaa kitenge cha mama, akanipakata, akakaa juani tangu asubuhi mpaka zamu yetu ikafika. Kesho yake alibadilisha kitambaa cha kichwani, akapigwa picha nyingine na wanawe mwenyewe. Mama alikufa juma lililofuata. Baba alikwenda kutoa taarifa, karani akalipiga jina mstari, lakini picha iliyobanwa kwenye kadi hakuna aliyeigusa. Tulipokuja huku baba aliibandua akaiweka ndani ya Biblia.

"Ulipokuwa na miaka saba," akasema, "ulilia siku mbili unataka kumwona mama. Kaka yako akakupa kadi ile, akaweka kidole kwenye picha. Ukanyamaza, ukalala. Nami nikanyamaza."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ulikuwa hulali. Nilitaka ulale tu."

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nikimtazama yule mwanamke ukutani, kwenye fremu yangu, kwenye msumari wangu. Nikaelewa kwa nini mtoto wa kwenye picha alikuwa akilia. Alikuwa anamjua mama yake. Katika watu wanne wa picha ile ni mimi peke yangu niliyekataa, na baadaye mimi ndiye niliyeamini kuliko wote.

Niliwapigia kelele. Sitaandika niliyosema, maana nilimfokea mzee mwenye moyo wa mashine. Mpangaji wa juu aligonga sakafu. Nilipoishiwa na pumzi nikapiga magoti mbele ya baba, nikamshika mikono, nikasema, "Sawa. Yamepita. Basi niambie alikuwaje. Wewe umelala naye miaka kumi na minne. Niambie uso wake."

"Alikuwa mrefu," baba akasema. "Alikuwa mweusi kuliko mimi. Alikuwa na hasira za karibu, kama zako."

"Uso, baba."

Akafumba macho. Nilimwona anatafuta, kope zinachezacheza. Nikangoja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa tayari kungoja mpaka asubuhi. Alipofumbua macho yalikuwa yamejaa maji.

"Anakuja huyo," akasema, akionyesha ukutani kwa kidevu. "Kila nikimtafuta mama yako anakuja huyo. Zamani nilikuwa nikiwaona wawili, nawatenganisha. Tangu uniwekee hapo mbele, ninaamka naye, ninalala naye. Huyu amemfunika mwenziwe, mwanangu. Na mimi sikutaka kukuambia uitoe, maana ulinunua fremu nzuri."

Nimeshafiwa, nimeshazaa, nimeshahamishwa kambi nikiwa mgongoni mwa mtu, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia chumbani mle. Kambi haikuninyang'anya uso wa mama. Ulikuwa umebaki mahali pamoja duniani, kichwani mwa mzee huyu, nami nilikwenda na nyundo nikaupigilia mwingine juu yake. Niliiondoa fremu jioni ileile. Baba alishusha mabega.

Zilibaki fulana. Asubuhi ya Jumamosi kaka alisema haziwezi kuvaliwa: kumvalia mtu hai fulana za matanga ni kumwombea kaburi. Yule mama alirudi Burundi, na baada ya hapo hatuna habari zake, lakini habari za kifo chake pia hatuna. Wageni wengine walikuwa wameshaanza safari, na fundi alikuwa mbali. Mimi nilikuwa tayari kuzitupa zote jalalani. Baba akazuia. Alisema mwanamke aliyekaa juani kwa ajili ya watoto wasio wake hatupwi jalalani.

"Pindueni," akasema.

Tukazipindua, moja moja, mimi na kaka, kwenye kitanda cha baba. Fulana arobaini, mishono nje, uso ndani. Kitambaa kilikuwa chepesi, kwa hiyo kwa nje ulionekana ukungu wa kichwa cha mtu, bila macho wala mdomo. Ukumbini watu waliuliza, nasi tukasema baba ataeleza. Nilipovaa ya kwangu nilihisi ile rangi ngumu ya picha ikigusa ngozi ya kifua.

Baba alieleza. Alisimama mbele ya watu kwa fimbo yake, akasema kila kitu: zahanati, kiti, kitenge. Niliogopa watu watacheka au watanong'ona. Bibi mmoja wa meza ya nyuma, aliyekuwa kambi yetu, akasema kwa sauti, "Kwangu mimi alikaa dada yangu. Kwenye kadi nilikuwa mnene." Watu wakaangua kicheko, na mwingine akasema baba yake alihesabiwa mara mbili na hakushiba hata mara moja. Baba akaomba tumwombee heri yule jirani kama yu hai. Kisha akasema habari za mke wake: kwamba alipika maharage vibaya, kwamba aliimba akiwa amekasirika, kwamba alitembea kwa miguu siku nane akiwa na mimba yangu na hakuomba kubebewa mzigo. Uso hakuutaja. Tukala, tukanywa, tukaambiwa matanga yameondoka.

Yaliondoka kwa wengine. Mimi nilirudi Louisville na miguu ikawa mibaya kuliko zamani. Nilifunga fungu jingine la masultana lililoagizwa na mteja, na nilikuta yule aliyejizaa mwenyewe amerudi, safari hii ametiwa rangi kwa mkono, mashavu mekundu. Sikumkasirikia tena. Nilimuuliza bosi swali ambalo mara ya kwanza sikulifikiria: aliyekaa ni nani? Fundi hakuitoa pua ile hewani. Kuna mwanamke alikalishwa, mke wake au mtumishi wake, akaambiwa tazama upande, usicheke, na nje kazi zilikuwa zinamngoja. Bosi akasema hakuna aliyeandika. Nilimfunga kwa karatasi laini mara mbili, mbele na nyuma. Nilikuwa nimemkosea adabu.

Baba nampigia kila siku baada ya kazi. Ukuta ule hajaweka kitu. Anakaa kitandani anautazama, anasema labda huyu akikaa mbali muda wa kutosha, yule atasogea. Kila siku namuuliza kama amekuja, ananijibu bado. Wiki zikapita hivyo, nikawa sina raha, mara mbili niliendesha mpaka Buffalo kumtazama tu akitazama ukuta, kisha nikageuza.

Jumapili moja nilikuwa nimeegesha kwenye kituo cha mafuta karibu na Columbus, safari ya tatu, simu ikaita. Sauti yake ilikuwa na haraka, kama ameshika kitu kinachoteleza.

"Imekuja shingo," akasema.

"Shingo ya nani?"

"Yake. Ina mistari miwili hapa mbele, kama ya mtoto mnene. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Na sikio, la kushoto."

Nikazima injini. Nikamuuliza, na uso? Nilimsikia anapumua, anatafuta, na baada ya muda nikasikia anaanza kunihurumia, kama mzazi anavyomhurumia mtoto asiyelala.

"Pua," akasema. "Nadhani pua ilikuwa…"

"Baba, basi," nikamwambia. "Usinitengenezee. Ishia hapo kwenye shingo."

Akaishia hapo. Tukakaa kwenye simu, mimi na yeye, tukiwa na shingo na sikio moja.